Maharage Yaliyojikunja

Asiniambie mtu nipunguze sauti. Nimepunguzwa vya kutosha. Miaka kumi na mitatu nilikuwa Bibi Shamba wa serikali hapa Sumbawanga, nikizunguka Ufipa kwa baiskeli, baridi ya Juni ikinipasua midomo, nikiwafundisha watu nafasi ya mahindi na namna ya kuhifadhi mbegu. Kisha ukaja wakati wa soko huria. Tukaitwa ofisini, tukapewa barua zenye mhuri, tukaambiwa serikali haiwezi tena kuubeba mzigo wetu. Mzigo! Mimi niliyekuwa nabeba mbolea ya majaribio mgongoni mlima hadi mlima, leo naitwa mzigo. Hata baiskeli waliichukua, na pampu yake nilikuwa nimeinunua mwenyewe.

Jina langu ni Kristiana. Watu wengi bado waliniita Bibi Shamba, na nilikuwa nalipenda jina hilo kuliko langu.

Nilikaa nyumbani miezi saba. Ndipo Zenon, mwenye duka la pembejeo kule Kizwite, akaja kunichukua. Siku zile kila mwenye mtaji kidogo alifungua duka la pembejeo. Jana alikuwa akiuza sabuni na betri za redio, leo anauza sumu. Zenon hakujua tofauti ya dawa ya kupe na dawa ya viwavi, lakini alijua kuongea, na alihitaji mtu wa kumsomea vibandiko. Mtu huyo nikawa mimi. Akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: MSHAURI WA KITAALAMU YUPO. Nikaona aibu wiki ya kwanza, halafu nikazoea, kwa sababu watoto walikuwa wanakula.

Mwaka 1995 Zenon alikodisha uwanda wa nyasi uliokuwa wa shirika la mifugo, pembezoni mwa Malangali, kabla hujavuka kijito. Alitaka kunenepesha ng'ombe pale. Nyasi zilikuwepo, ila zilivamiwa na magugu yenye majani mapana. Akaleta madumu ya dawa, akaniambia nisimamie kazi. Nikasoma kibandiko, nikapima, nikachanganya, nikawapanga watu wenye mabomba ya mgongoni. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Baada ya wiki tatu magugu yote yalikuwa yamelala chini na nyasi zimesimama nene, kijani kibichi. Niliona fahari. Nasema kweli, niliona fahari.

Ng'ombe wa Zenon hawakuja. Sijui mwenzake wa biashara alimtoroka au ilikuwaje. Mwezi wa kwanza akabadili mawazo, akawakodishia akina mama wa mtaa wetu uwanda ule vipande vipande walime. Waligombania. Kwetu Ufipa mtu akitafuta shamba hutazama majani kwanza, udongo baadaye. Majani yakiwa mengi, ntumba zitakuwa nono. Ntumba ni vile vilima vya duara tunavyolima mvua zinapokaribia kwisha: unalaza nyasi, unazifunika kwa udongo wa juu, unaziacha zioze mle ndani, na juu yake unapanda maharage. Msimu unaofuata unavibomoa, unasambaza ile mbolea, unapanda mahindi au ulezi. Hivyo ndivyo mama yangu alivyotulea.

Nilipita pale mwezi wa pili. Walikuwepo wanawake kama kumi na watano, wameinama, wanaimba. Mmoja wao alikuwa Mama Josefina, mjane wa makamo, jirani yangu, ambaye shamba lake la zamani lilikuwa limechoka kabisa. Mbegu zake za maharage alizipata kwa mkwewe, marehemu, na hakuwa na nyingine.

"Bibi Shamba, umesahau jembe linashikwaje?" akaniita.

Wenzake wakacheka. Nikavua viatu, nikalima ntumba tatu. Nilizifukia nyasi zile kwa mikono yangu mwenyewe, nikazishindilia kwa miguu, na haikunijia akilini hata kidogo.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu Mama Josefina akaja dukani mbio. Hakunijibu salamu. Akanishika mkono, akanivuta mpaka shambani huku Zenon akiniuliza naenda wapi saa za kazi.

Maharage yalikuwa yametoka vizuri. Majani mawili ya kwanza yalikuwa mapana kama kawaida. Lakini yale yaliyofuata yalikuwa yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, membamba, yamekunjamana. Mashina yalikuwa yamevimba na kujipinda, mengine yamepasuka ubavuni. Uwanda mzima. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, udongo unanata miguuni, lakini mimea imelegea kama ya mwezi wa tisa.

"Maji yapo, mbona yananyauka?" Mama Josefina akauliza. "Niambie wewe uliyesoma."

Nilijua. Sitaki kujisafisha hapa. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza.

Dawa ile haikuwa sumu ya kuunguza. Ilikuwa homoni. Kila mmea una homoni zake, kidogo mno, na mojawapo ndiyo inayoliambia shina lirefuke na mzizi uteremke. Kuna watu wamekaa kiwandani wakaiga homoni hiyo ya kukua, wakaifanya kali, isiyooza upesi. Gugu lenye majani mapana likiipata, linaamrishwa kukua bila kupumzika, ovyo ovyo, mpaka shina linajipinda na kupasuka. Kisha mmea wenyewe, kwa kuhangaika, unatengeneza homoni nyingine, ile ambayo kwa kawaida huitoa wakati wa ukame. Kazi ya hiyo ya pili ni kufunga vitundu vya majani. Kila jani lina vitundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Kwa vitundu hivyo jani huvuta hewa na kutoa mvuke, na mvuke ukitoka, maji yanapanda kutoka mizizini. Vitundu vikifungwa, hewa haiingii, maji hayapandi, chakula hakitengenezwi. Mmea unakufa kwa njaa huku umesimama kwenye maji.

Nyasi hazidhuriki na dawa hiyo. Zinainywa tu, zinakaa nayo. Kibandiko kilisema maharage yasipandwe mahali palipopuliziwa kabla mvua za kutosha hazijapita, na mimi nilizihesabu mvua, nikaona zimepita nyingi, udongo umeoshwa. Kilichobaki ndani ya nyasi sikukifikiria. Aliyeandika kibandiko kile hakuwahi kuona watu wanafukia nyasi chini ya mbegu, basi nitamlaumu vipi? Lakini mimi ni Mfipa. Nimezaliwa juu ya ntumba. Nilipaswa kuwaza kabla ya mtu yeyote duniani.

Nikafungua mdomo nimweleze Mama Josefina. Akanitangulia.

"Ni Mboje," akasema. "Na yule mkewe."

Mboje na mkewe Minza walikuwa Wasukuma. Walikuja kutoka Shinyanga miaka sita kabla ya hapo, wakajenga ng'ambo ya kijito. Wakati uwanda ule haukuwa na mwenyewe, Mboje alichunga pale. Akina mama walipoanza kulima alikuja na fimbo yake, akasimama, akatazama kazi, akasema, "Haya, limeni. Tutaona." Basi. Hayo tu ndiyo aliyosema, na sasa kila mtu alikuwa anayakumbuka.

"Nenda ukaone maharage yao," Mama Josefina akaniambia. "Nenda!"

Tukavuka kijito. Maharage ya Minza yalikuwa yanachanua. Wao walilima kwa plau ya ng'ombe, matuta marefu, nyasi wamezichoma, na upande wao dawa haikufika. Minza alitoka, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, akatukaribisha uji. Mama Josefina akageuza uso.

Hapo nikafanya ujinga wangu wa pili. Nilikuwa na mifuko miwili ya nailoni inayoonyesha ndani, niliyofungashia mbegu. Nikauvika mmoja kwenye shina la Minza, nikaufunga kwa uzi. Tukarudi uwandani, nikauvika wa pili kwenye shina la Mama Josefina. Jua lilikuwa limetoka. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba majani yake yamefunga vitundu, kwamba huu ni ugonjwa wa mmea, kisha nimweleze taratibu, kwa hatua, kama tulivyokuwa tukifundisha kwenye mashamba darasa. Adhuhuri watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mfuko wa Minza ulikuwa umejaa matone ndani, maji yanatiririka. Mfuko wa Mama Josefina ulikuwa mkavu.

Mwanamke mmoja akasema, "Mmeona? Maji ya kwetu yanatokea kwao."

Laiti ningesema pale pale! Sentensi moja ingetosha: ni dawa, na niliichanganya mimi. Nikasema, "Hapana, jamani, sio hivyo," nikaanza kueleza vitundu, na hakuna aliyenisikiliza. Jioni habari ilikuwa imefika hadi stendi, kwamba Bibi Shamba mwenyewe amepima kwa mifuko akathibitisha.

Nikaenda kwa Zenon. Nilimkuta anafunga duka.

"Zenon, ile dawa imebaki kwenye nyasi. Maharage ya watu yamekufa, na wanamsingizia Mboje. Kesho tuwaambie."

"Tuwaambie nini?"

"Ukweli."

Akacheka kidogo. "Nani alipima? Nani alichanganya? Kuna sahihi yangu mahali popote? Sikiliza, dada. Ukisema, mimi nitasema nilimwajiri mtaalamu, mtaalamu akaharibu. Duka litabaki kuwa langu. Wewe utarudi kukaa nyumbani." Akaongeza kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hasira zaidi: "Mambo ya Mboje yatapoa. Hao watu wamezoea kuhama."

Nilitamani kumvurumishia jiwe la mizani. Nilimtukana Zenon, nikaitukana serikali iliyoninyang'anya kazi, nikawatukana waliotengeneza dawa. Nilitukana kila mtu mpaka nikafika mlangoni kwangu, na asubuhi yake nikaenda kazini kama kawaida.

Siku ya tatu Tadei, mwenyekiti wa mtaa wetu, akaitisha mkutano. Watu walitaka Mboje na Minza wahame. Tadei hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwoga wa kelele. Mboje alisimama akasema yeye hana dawa yoyote, ana ng'ombe tu, na kama kuchunga ni uchawi basi wachawi ni wengi. Wakamzomea. Minza alikaa chini na khanga yake, anatazama mikono yake.

Nikanyoosha mkono. Nikasema naomba siku ishirini na moja za utafiti wa kitaalamu. Nitapanda maharage kwenye makopo, mengine kwa nyasi za uwandani, mengine kwa nyasi za kwangu, ili tujue. Tadei akafurahi kama aliyetuliwa gunia. Akakubali. Watu waliguna lakini wakakubali, kwa sababu nilikuwa Bibi Shamba.

Nikatafuta makopo manne ya mafuta ya kupikia. Udongo mmoja, wa uani kwangu. Mbegu moja, za Mama Josefina, zile chache zilizobaki kwenye kibuyu. Makopo mawili nikaweka chini nyasi za uwandani, mawili nyasi za kando ya nyumba yangu. Nikamwagilia, nikasubiri, na nikaendelea kupokea mshahara wa Zenon.

Nitaeleza siku hizo zilivyokuwa, ingawa sikuziishi mimi. Maziwa ya Minza hayakununuliwa tena. Aliyapeleka sokoni akarudi nayo, siku ya pili, ya tatu, mpaka akaacha. Kisimani wanawake walipomwona walinyanyua ndoo zao wakaondoka. Binti yake alirudishwa kutoka kwenye kipaimara cha rafiki yake, mlangoni, akiwa ameshika zawadi. Siku ya kumi na nne Mboje aliamka akakuta maksai wake wawili, wale wa plau, wamekatwa mishipa ya miguu. Ilibidi awachinje wote wawili. Hakuna aliyekwenda kununua nyama.

Siku hiyo hiyo makopo yalikuwa yamekwisha kusema. Yale ya nyasi za uwandani, majani yamejikunja. Yale ya nyasi za kwangu, yamenyooka. Ningeweza kuyabeba kwa Tadei saa ile. Nilijiambia mtaalamu hakatizi jaribio. Nilijiambia mambo mengi.

Siku ya ishirini na moja nikayapanga makopo juu ya meza mbele ya mkutano. Watu walisogea kutazama, wakashika majani, wakaulizana. Nikaeleza yote: homoni, vitundu, nyasi, ntumba. Nikatifua kopo moja, nikawaonyesha nyasi zilizooza zimekumbatiwa na mizizi iliyovimba. Safari hii walisikiliza. Mama Josefina alikaribia meza, akalishika lile shina lililonyooka, akaanza kulia.

"Kwa hiyo Mboje hana kosa," Tadei akasema kwa sauti kubwa. Watu wakapiga makofi. Wapo waliomgeukia Mboje wakacheka naye, wakampiga begani, eti hata wao hawakuamini sana yale maneno.

"Na aliyepuliza ni nani?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Dawa ni ya Zenon," nikasema. "Niliyechanganya na kusimamia ni mimi."

Makofi yakakoma. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa, na nadhani nilitaka. Lakini aliyesimama alikuwa Minza. Sikuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni.

"Bibi Shamba, siku ile ulipokuja kwangu na mifuko, ulikuwa umeshajua?"

Watu wote walinitazama. Ningeweza kusema nilikuwa na wasiwasi tu. Ningeweza kusema sayansi inataka uhakika.

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. "Sasa hizi siku ishirini na moja zilikuwa za nini?"

Tadei akakohoa, akasema mkutano umefungwa.

Zenon alinifukuza jioni ile, na kabla hajamaliza nikamwambia yote niliyoyaweka rohoni, mbele ya wateja wake, kwa sauti niliyoitumia zamani kuwaita watu kutoka mashamba ya mbali. Nikachukua brashi na chokaa ya dukani kwake, nikafuta maandishi yale ya ukutani. Hakuthubutu kunigusa. Kwa siku moja niliona nafuu.

Baada ya siku tatu nikasikia Mboje anahama. Nikaenda. Nilidhani sijasikia vizuri, maana mkutano ulikuwa umemsafisha, na Tadei alikuwa amekwenda mwenyewe kumwomba abaki. Nikakuta mkokoteni umepakiwa: vitanda, plau, kuku kwenye tenga. Maksai walikuwa wa kuazima, wa Kashinje, ndugu yake Mboje anayeishi kule bondeni Kaoze, na huko ndiko walikokuwa wakielekea. Mboje alikuwa akikaza kamba. Hakuinua uso.

Mama Josefina alikuwa amefika kabla yangu. Alipiga magoti mbele ya Minza, pale pale kwenye tope, mwanamke mzima, akasema, "Mimi ndiye niliyekutaja wa kwanza, nisamehe." Minza akamshika mabegani, akamwinua.

"Inuka, mama. Ulikuwa unalilia mbegu zako." Akamwonyesha shamba lake kwa kidole. "Yale yameanza kubeba. Yavune wewe. Hutakosa mbegu."

Mama Josefina alimshika mikono asiiachie. Nami nikasogea. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, marefu, yenye Zenon ndani yake, na barua ya kupunguzwa kazi, na watoto wangu. Niliyaacha yote.

"Minza, nisamehe na mimi," nikasema.

Alinitazama bila hasira. Hasira ningeijua namna ya kuijibu.

"Huyu hakujua," alisema. "Wewe ulijua, Bibi Shamba."

Akapanda mkokoteni, akakaa juu ya magunia, akampakata yule binti yake. Mboje akawapigia maksai mluzi. Mama Josefina alisimama mpaka walipoizunguka kona, kisha akapangusa tope magotini, akashika njia ya shamba la Minza bila kunisubiri.